Kamishna wa kaunti (Texas) anasema hana uwezo, ataniweka kwenye "orodha ya Austin". Nimepigwa chenga?

MtuWaAthi aliandika:

Wadau, hamjambo. Niko Texas mwaka wa kumi na moja sasa. Miaka minne iliyopita tulitoka apatimenti tukanunua nyumba nje ya mji, kaskazini mwa Fort Worth, mahali ambapo hakuna mji wowote unaotutawala, ni kaunti tu. Mke wangu alitaka pa kupanda sukuma. Mimi nilitaka pa kuegesha trela bila kuandikiwa barua na chama cha wenye nyumba. Yote mawili tulipata.

Mwaka juzi bango likasimamishwa kwenye shamba lililo nyuma yetu, Kiingereza na Kihispania, kwamba kampuni fulani inaomba kibali cha kiwanda cha kuchanganya zege. Nililisoma nikiwa ndani ya gari, nikajiambia nitarudi nilisome vizuri. Sikurudi. Hilo ni kosa langu, msinikumbushe.

Sasa kiwanda kiko. Malori yanaanza saa kumi alfajiri. Nimekulia Athi River, kwa hivyo msidhani mimi ni mgeni wa vumbi la simiti, lakini hili la hapa linaniudhi kwa namna yake: linatua usiku, umande unalilowesha, jua likitoka linaganda kwenye kioo cha gari kama uji uliosahauliwa kwenye sufuria. Waipa zinakwaruza tu. Nimejifunza kulitoa kwa siki, kila asubuhi chupa ya siki na kitambaa, jirani anadhani ninaosha gari kwa kachumbari. Kijana wangu wa miaka sita ana pumu, na inhela yake sasa inakaa mezani karibu na chumvi.

Basi nikaambiwa niende kwa makamishna wa kaunti. Wakenya wenzangu mnajua, kwetu kamishna wa kaunti ni mtu wa serikali kuu, akikohoa chifu anasimama wima. Na kikao chao kinaitwa Mahakama ya Makamishna, na anayekiongoza anaitwa jaji. Nikavaa suti. Nikafunga tai. Nimefika nikakuta kamishna mmoja amevaa jinzi na buti, na mbele yangu kwenye foleni kuna mama anayelalamikia mbwa.

Nikapewa dakika tatu. Nikasema. Hakuna aliyenijibu, eti suala halikuwa kwenye ajenda ya siku hiyo. Nikiwa natoka, kamishna wa upande wetu akanifuata kwenye korido, akanisalimia vizuri tu, akasema ananielewa lakini kaunti haina mamlaka ya kuamua kiwanda kikae wapi, hilo ni la Austin, makao makuu ya jimbo. Akasema wanatayarisha orodha ya vipaumbele vyao kwa kikao kijacho cha Bunge la jimbo, na "ataangalia" kama suala langu linaweza kuingia. Akanipa kadi.

Mimi kwetu mtu akiniambia ataangalia, najua mambo yameishia hapo. Naomba wenye uzoefu: ni kweli kaunti haina uwezo? Na hii orodha ni kitu au ni njia ya kumtoa mtu mlangoni kwa adabu? Wale wa "rudi nyumbani" mpite kimya.

---

Fundi_Tabora alijibu:

Pole sana mkuu. Kwetu Mkuu wa Wilaya angefika na kamera za TV na kiwanda kingefungwa kabla ya chakula cha mchana. Kingefunguliwa kesho yake, lakini angalau ungemwona kwenye taarifa ya habari.

Sina jibu, nafuatilia uzi.

---

BintiTanga_HTX alijibu:

Kaka, hujapigwa chenga. Umepewa nusu ya jibu, na nusu uliyonyimwa ndiyo yenye faida kwako.

Mimi niko upande wa Houston, mwaka wa tisa huu nafanya kazi kwenye ofisi ya kaunti moja, siitaji. Kazi yangu ni karatasi: napanga ajenda, nasikiliza rekodi za vikao, naandika mihtasari. Orodha kama hiyo unayoambiwa nimeichapa kwa mikono yangu mara nne.

Kwanza iondoe Kenya kichwani. Kaunti ya kwenu ina bunge lake, ina gavana, Katiba ya 2010 imeipa kutunga sheria. Kaunti ya Texas ni mtoto wa kambo. Ina mamlaka zile tu ilizopewa na Katiba ya jimbo ya 1876 na sheria za Austin, na ambalo halikuandikwa hairuhusiwi kulifanya. Mji unaweza kusema huku nyumba, kule viwanda. Kaunti, ukiacha sehemu chache zilizopewa ruhusa maalumu, haiwezi. Kibali cha zege hutolewa na tume ya mazingira ya jimbo, TCEQ. Mwaka 2023 Bunge likapitisha na sheria iitwayo HB 2127, kuzibana miji na kaunti zisiweke kanuni zao pale ambapo jimbo limeshaweka za kwake. Kwa hiyo kamishna hakukudanganya.

Hiyo "mahakama" ni watu watano: jaji anayechaguliwa na kaunti nzima na makamishna wanne, kila mmoja na prisinti yake, yaani eneo lake la uchaguzi, muhula wa miaka minne. Jaji mwenyewe halazimiki kuwa mwanasheria. Suti haikuharibika, ivae kanisani.

Sasa orodha. Bunge la Texas hukaa kikao cha kawaida mwaka wa witiri tu, siku 140 basi, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari. Kijacho kinafunguliwa tarehe 12 Januari 2027, na miswada inaanza kupokelewa Novemba 2026, uchaguzi ukishapita. Ndiyo maana miezi hii kaunti nyingi zinaandika: haya tunayataka, haya tunayapinga, haya msituguse. Wanapiga kura, inapelekwa kwa wabunge wa eneo. Nguvu ya kisheria haina hata chembe. Ni barua ya maombi yenye lakiri.

Na ujue umesimama foleni nyuma ya nani. Juu kabisa huwa pesa. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kaunti inaishi kwa kodi ya nyumba zenu, na tangu sheria ya 2019 ikitaka mapato hayo yapande zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwaka, kwa kawaida lazima iwaombe wapiga kura. Zamani kizingiti kilikuwa asilimia 8. Wakati huohuo Austin inatwika kazi mpya bila kutuma hela. Basi mstari wa kwanza ni "msitutwike bila fedha", wa pili "msitubane zaidi". Halafu unakuja ule unaonichekesha kila ninapouchapa: msitukataze kuajiri watu wa kutusemea huko Austin. Maana tangu 2019 kuna wabunge wanaoleta miswada ya kuzuia kaunti kulipia lobi kwa fedha za umma, inapita Seneti, inakwama Baraza la Wawakilishi. Kikao cha kawaida cha 2025 ilikwama tena. Yaani kaunti inaomba iendelee kuruhusiwa kuomba.

Suala lako liko ukurasa wa pili au wa tatu, chini ya "matumizi ya ardhi nje ya miji". Halikosi. Lakini huandikwa kwa mstari mmoja mpana kama pazia: tunaunga mkono kaunti kupewa nyenzo zaidi za kusimamia ukuaji. Mbunge akiusoma hajui aushike wapi. Mwaka 2025 miswada zaidi ya 8,000 iliwasilishwa, iliyopita haikuzidi sana 1,200. Pazia halivuki hata kizingiti.

Kwa hiyo usimwombe kamishna "aangalie". Mpelekee sentensi mbili zilizokwisha kuandikwa, sheria gani na namba gani ibadilike. Mfano: kwa kibali cha kawaida cha kiwanda cha zege, anayehesabiwa kuwa ameathirika hata aweze kudai shauri lisikilizwe ni yule tu ambaye makazi yake ya kudumu yako ndani ya yadi 440 kutoka kiwandani. Wewe uko yadi ngapi?

Na hii ndiyo nusu uliyonyimwa. Uliongea kuhusu vumbi kwa mtu ambaye kazi yake ni barabara. Kamishna wa Texas ni barabara na madaraja, karibu kote jimboni, nimeona hadi greda zenye namba ya prisinti ubavuni. Hayo malori yanapita barabara ya nani? Kama ni ya kaunti, wanaweza kuweka kikomo cha uzito, mradi idara ya barabara ya jimbo iridhie, na kikomo cha mwendo nacho kiko mikononi mwao. Hilo halihitaji Austin wala mwaka 2027. Kiwanda hakitaondoka, lakini saa kumi alfajiri yako inaweza kubadilika.

---

Askari_wa_Zamu alijibu:

Naheshimu maelezo ya dada, ila nitie maji kidogo kwenye maziwa. Mimi ni wa Moshi, askari wa jela ya kaunti tangu 2017. Kwenye orodha yetu kuna mstari wa vitanda vya hospitali za jimbo. Mtu akiletwa ndani, akili haiko sawa, mahakama ikasema hawezi kushtakiwa mpaka atibiwe, anatakiwa apelekwe hospitali ya jimbo. Kitanda hakuna. Anakaa na sisi miezi. Kaunti inalipa chakula, dawa, na mimi kumchungulia kwa saa.

Kuna mmoja alikuwa ananiita kwa jina la kaka yake. Alikuwa nasi tangu machungwa ya Krismasi yanagawiwa mpaka tunawashiwa viyoyozi. Siku anaondoka aliniuliza kama nitakuja kumchukua.

Huo mstari nimeuona kwenye orodha tano. Maneno yanabadilishwa kidogo, kama mtihani unaorudiwa. Kwa hiyo kaka Athi, uandike, lakini usinunue shati la kusherehekea.

---

BintiTanga_HTX alijibu:

@Askari_wa_Zamu sikupingi. Mwingine nimeunakili na kubandika kutoka orodha ya miaka minne nyuma, mpaka kosa la tahajia likaja nalo.

Ila niongeze alipo mlango. Mstari unaotembea ni ule wenye mbunge mmoja aliyekubali kuuchukua uwe wake. Kamishna akishaupigia kura, mtu lazima ampigie simu huyo mbunge Septemba, Oktoba, kabla foleni haijajaa. Si Januari. Na usishangae akikuambia ataandika kwamba sheria inahusu "kaunti zenye wakazi kati ya idadi hii na idadi ile". Katiba ya Texas inazuia sheria ya kaunti moja kwa jina, kwa hiyo wanaishonea suti kwa idadi ya watu mpaka inamkaa mtu mmoja tu.

---

MtuWaAthi aliandika:

Dada, Mungu akuweke. Jana jioni nimeazima gurudumu la kupimia kwa jirani, yule yule wa kachumbari, tukatembea naye hadi kwenye uzio wa kiwanda. Yadi 517. Tumepima mara mbili. Ya pili yeye ndiye aliyesukuma, maana alidhani natembea upinde.

Yaani mtu wa yadi 440 ni mwathirika, mimi wa 517 ni mtazamaji. Hata ningelisoma lile bango vizuri nisingekuwa na pa kusimama. Sijui kama hilo limenipunguzia uchungu au limeniongezea.

Barabara ni ya kaunti. Nimeangalia kibao, ina namba ya kaunti. Lami yenyewe nyembamba kama chapati ya hoteli, kando imeanza kumeguka pale malori yanapokata kona. Nimepiga picha na kalamu yangu imewekwa kwenye ufa ionekane kina.

Sentensi zangu mbili hizi, nimeziandika kwa Kiswahili kwanza, kijana wa dada yangu atazigeuza: "Tunaomba Bunge libadilishe yadi 440 ziwe yadi 880 kwa viwanda vya zege vilivyo nje ya mipaka ya miji. Tunaomba pia kaunti ipewe kutoa maoni yake rasmi juu ya barabara kabla kibali hakijatolewa." Nikate wapi?

---

Mwana_Tanganyika alijibu:

Ndugu Athi, mimi ni mutu wa Uvira, niko huku magharibi ya Texas. Kiswahili changu ni cha kwetu, mutanivumilia.

Usiende tena peke yako. Sisi tulienda kwa makamishna juu ya barabara yenye kupita kwa bustani yetu, tulikuwa watu kumi na nane, wamama na vitenge, watoto nyuma. Muzee wetu mwenye bustani hajui Kingereza. Wakasema dakika tatu. Binti yangu ndiye alikuwa wa kutafsiri, yuko na miaka kumi na tisa, akasema hapana: sheria ya Texas tangu 2019 inasema mwenye kusema kupitia mtafsiri, kama hakuna mashine ya kutafsiri papo hapo, wakati wake uwe mara mbili. Jaji akageuka kuangalia mwanasheria wa kaunti. Mwanasheria akapekua karatasi, akainua kichwa, akasema ni kweli.

Dakika sita. Muzee alitumia mbili kusalimia na moja kuombea kikao. Lakini zile tatu zenye zilibaki, alisema juu ya mtaro wenye kufunga, na mtaro ulizibuliwa.

Najua Kingereza unajua. Nasema tu: kama mke wako au mama yako anaeleza uchungu vizuri kwa Kiswahili, mupeleke yeye, na wewe uwe mdomo.

Na kitu ingine. Kama uko raia, uliza kama majirani wako wamejiandikisha kupiga kura. Kamishna anajua hesabu ya prisinti yake kuliko anavyojua jina lako.

---

BintiTanga_HTX alijibu:

Huyo binti akitafuta kazi anitafute mimi.

@MtuWaAthi sentensi ya kwanza usiiguse. Ya pili gawanya, "maoni rasmi" ni pazia jingine. Sema: kibali kisitolewe mpaka mwombaji aonyeshe barabara gani ya kaunti atatumia na malori mangapi kwa siku. Hapo kamishna wako atakupenda, kwa sababu hilo linamsaidia yeye kwenye bajeti ya lami. Yadi 880 ni zako. Lami ni yake. Zipeleke kwenye karatasi moja, lami ikiwa juu. Na picha ya kalamu uiambatishe.

---

MtuWaAthi aliandika:

Mrejesho, wiki tatu baadaye.

Sikuvaa suti. Tulienda kumi na mmoja, pamoja na jirani wa gurudumu ambaye amegeuka kuwa mpambanaji kuliko mimi. Mke wangu alizungumza Kiswahili, mimi nikatafsiri, na tukadai dakika sita kama tulivyofundishwa. Walikuwa hawajawahi kusikia Kiswahili pale ndani, mwandishi wa kikao alituuliza lugha inaandikwaje. Mke wangu hakutaja Bunge wala yadi. Alichukua kile kitambaa cha siki, cha wiki nzima, kimekauka kikawa kigumu kama kibao, akakigonga mezani. Kikalia. Sikuwa na la kutafsiri.

Msaidizi wa kamishna amenipigia. Rasimu ya orodha inajadiliwa Septemba. Sentensi ya lami imo, maneno karibu yote yetu. Yadi 880 zimewekwa kwenye "yanayofikiriwa", akasema kuna kamishna mwingine ana wasiwasi nazo kwa sababu kaunti yenyewe hununua zege. Angalau huo ni wasiwasi ninaouelewa. Nimempigia mbunge wetu wa Baraza la Wawakilishi pia, nimeongea na kijana wa ofisini, ameandika jina langu vibaya lakini ameandika.

Kuhusu kikomo cha uzito, wamesema lazima kwanza wahesabu malori. Leo asubuhi nimekuta mirija miwili myeusi ya mpira imetandazwa kukatiza barabara, imefungwa kwenye kisanduku kilichofungiwa kwa mnyororo kwenye mti wetu. Kijana wangu ameshajua ni ya nini. Tangu atoke shule anakimbia na baiskeli anaipita, anageuka, anaipita tena, na sijaamua kama nimkataze.